Nomino ya Kilatini "virus" na Upatanisho wa "kirusi/virusi" katika Kiswahili

Madai kwamba umbo kirusi ni kosa yameegemea hoja moja: silabi vi- katika virusi ni sehemu ya mzizi wa Kilatini, si kiambishi cha wingi. Kuhusu Kilatini, hoja hiyo ni sahihi. Kuhusu Kiswahili, haithibitishi lolote.

Katika Kilatini, virus lina maana ya ute au sumu. Vergilius, katika Georgica, alilitumia kwa sumu ya nyoka. Ni nomino ya kundi la pili ambayo, pamoja na vulgus na pelagus, huishia kwa -us ilhali jinsia yake si ya kiume bali ya kati. Kwa kuwa lilitaja kitu kisichohesabika, kama damu au maji, wingi wake haupatikani kwa waandishi wa kale. Umbo viri lingechanganywa na neno la "wanaume", na virii halina msingi wowote wa kisarufi. Anayetafuta wingi halisi katika Kilatini, basi, hataupata.

Haja ya kuhesabu ilizaliwa na sayansi. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck, akichunguza maradhi ya majani ya tumbaku, bado aliamini kuwa kisababishi chake ni kiowevu. Ilipobainika baadaye kuwa ni chembe, umoja na wingi vikahitajika.

Kiswahili kilikuwa na njia tayari. Katika Kiarabu, ki- ya kitabu ni sehemu ya neno lenyewe, lakini hakuna anayekosoa vitabu. Kipilefti na vipilefti, kutoka Kiingereza, vimefuata mkondo huohuo. Pingamizi kwamba kirusi hugongana na jina la lugha ya Warusi ni dhaifu: herufi kubwa na muktadha hutofautisha.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika matumizi. Andiko moja huweza kuwa na "virusi hivi", "virusi hii" na "virusi hizi". Hata hivyo, kifupisho VVU kimekwisha kuamua: V yake ya pili ni vya, upatanisho wa KI-/VI-. Miongozo ya afya inayovuka mipaka ya nchi ifuate uamuzi huo, na itenge kirusi na ugonjwa, kwani mwenye VVU si lazima awe na UKIMWI.