Mkongwe Arudipo Uwanjani

Msomaji, wahenga walisema kuwa jungu kuu halikosi ukoko. Methali hiyo husikika aghalabu pale mzee aliyekuwa hodari wa kazi fulani anapoirudia kazi yake baada ya kuiacha miaka mingi. Watu huitamka kwa furaha, nao hudhani kuwa wamemsifu. Mimi niliitamka usiku mmoja kwa sauti kubwa kuliko wote. Leo nataka kuipima sifa hiyo mbele yako, na nitaanza na kosa langu kabla ya kutazama makosa ya wengine.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nimekuja likizo Mambrui, mji mdogo ulio kaskazini ya Mto Sabaki, si mbali na Malindi. Palikuwa na harusi mtaani. Mtaani humo alikaa mzee mmoja ambaye jina lake nalisitiri. Katika ujana wake alikuwa mpiga gitaa, na watu wa makamo walipenda kutusimulia jinsi alivyowakesha katika harusi zao. Kisha aliliweka gitaa chini kwa zaidi ya miaka 20, akashughulika na shamba na msikiti, na sisi vijana tulimjua kwa bakora yake tu.

Mzee huyo alijifunza gitaa kwa kusikiliza santuri za Fundi Konde. Yafaa umjue Fundi Konde, maana ni mtu wa pwani yetu. Alikuwa Mgiriama, alizaliwa mwaka 1924, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa katika kundi la wanamuziki waliowatumbuiza askari wa Afrika ya Mashariki. Baada ya vita alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga gitaa la umeme nchini Kenya. Nyimbo zake, kama vile "Tausi Ndege Wangu" na "Majengo Siendi Tena", ziliimbwa na watu wengi wasiopata kumwona kwa macho. Alifariki mwaka 2000. Basi mzee wetu alikuwa mwanafunzi wa mwalimu ambaye hakuketi naye darasani.

Usiku wa harusi jamaa walimsihi apige. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali. Gitaa la kuazima lililetwa kutoka Malindi. Aliketi juu ya kiti cha mbao, akakaza nyuzi taratibu, akaanza wimbo wa ujana wake. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Wazee walifuta macho, vijana waliinua simu zao juu kama msitu wa mikono, na mimi ndipo nilipopaza sauti nikasema, "Jungu kuu halikosi ukoko!"

Wimbo wa pili hatukuujua. Ulikwenda polepole. Gumba lake lilishika uzi mzito na kurudia mwendo ule ule, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu azungumzaye na mwenzake barazani. Palikuwa na maneno juu ya mto uliojaa na juu ya mtu anayengoja ng'ambo. Watu wakaanza kuongea. Nami, kwa kudhani kuwa namsaidia mzee asiaibike, nikapiga kelele, "Mzee, turudishie ule wa zamani!" Wengine wakaniunga mkono. Mzee akanyamaza, akatutazama, kisha akapiga ule wa zamani. Tulicheza mpaka mavumbi yakapanda. Sote tulikwenda kulala tukisema kuwa mzee amerudi.

Je, alirudi? Hilo ndilo swali la insha hii.

Ili kulijibu, twende kwanza mbali, katika nchi ya Marekani, kwenye muziki wa Weusi uitwao bluzi, maana huko swali hili lilipata kuonekana wazi kuliko mahali pengi. Palikuwa na mpiga gitaa wa jimbo la Mississippi jina lake Son House. Mwaka 1930 alirekodi nyimbo chache katika santuri. Miaka ya 1941 na 1942 alirekodiwa tena na mtafiti Alan Lomax kwa ajili ya maktaba kuu ya taifa lao. Mwaka 1943 alihamia mji wa Rochester, kaskazini, akafanya kazi ya reli, na baadaye akauacha muziki kabisa. Wapenzi wa santuri zake hawakujua kama yu hai au amekufa. Mwezi wa Juni mwaka 1964 vijana watatu walimtafuta mpaka wakampata. Alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 60, na hata gitaa hakuwa nalo.

Sasa sikiliza ajabu iliyofuata. Mzee alikuwa amezisahau nyimbo zake. Kijana mmoja wa miaka 20 hivi, Alan Wilson, ambaye alikuwa amezisoma santuri zile kama mwanafunzi asomavyo kitabu cha mtihani, aliketi naye akamfundisha upya nyimbo alizozitunga yeye mwenyewe. Mwanafunzi alimrudishia mwalimu somo lake. Mwaka 1965 Son House alirekodi sahani mpya, akapiga mbele ya umati katika tamasha la Newport, na baadaye akasafiri hadi Ulaya.

Waliomsikiliza walikuwa wa namna mbalimbali. Wapo waliolia kwa kumwona tu. Wapo waliosikitika, wakisema kuwa mikono inatetemeka na vidole havina wepesi wa mwaka 1930. Kila upande ulikuwa na lake la kusema juu ya mtu, lakini juu ya wimbo palisemwa kidogo.

Hebu tuutazame wimbo. Mwaka 1930 santuri moja ilichukua muda wa dakika tatu hivi kwa upande mmoja. Wimbo wa Son House uitwao "My Black Mama" ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja, kwa hiyo ulikatwa sehemu mbili, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Mwaka 1965 alitoa katika shina hilo wimbo wa "Death Letter", habari za mtu apokeaye barua ya kifo cha mpenzi wake. Sasa palikuwa na nafasi katika sahani, na mbele ya watu palikuwa na nafasi kubwa zaidi. Aliweza kukaa juu ya neno moja, akapiga nyuzi kwa nguvu, akaacha kimya kipite, kisha akaendelea. Vidole vilikuwa vizito, ndiyo. Lakini kijana wa mwaka 1930 aliimba juu ya kifo kama jambo alilolisikia, na mzee wa mwaka 1965 aliimba kama mtu aliyekwisha kuzika wengi. Mtu aliyempima kwa saa ya santuri aliona hasara tupu. Hakukumbuka kuwa urefu wa wimbo wa kwanza ulipimwa na mashine, wala haukupimwa na moyo wa mtunzi.

Tusidhani kuwa hayo ni ya ugenini tu. Katika Kongo, upande wa Katanga, alikuwako mpiga gitaa aliyeimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili, naye ni Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930. Alipiga kwa gumba na kidole cha shahada: gumba lilishika mwendo wa chini na kidole kikafuma sauti za juu, hata msikilizaji akadhani kuwa wapigaji ni wawili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akikusanya muziki wa Afrika, alimrekodi mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Wimbo wake "Masanga" ulivuka mipaka mingi. Mwaka 1959 alikwenda Nairobi, akakaa miezi kadhaa, na vijana wengi wa Kenya wakajifunza kuigiza vidole vyake. Mwaka 1969 alipiga huko huko Newport alikopiga Son House.

Miaka ilipita, na mitindo mipya ya gitaa la umeme ikaenea. Mwaka 1979 Mwingereza mmoja mpenzi wa gitaa, John Low, alifunga safari hadi Katanga, ambayo siku hizo iliitwa Shaba, kuwatafuta wapigaji aliowajua kwa santuri. Mwaka 1988 Bosco alirekodi albamu mjini Cape Town, na humo alizirudia baadhi ya nyimbo zake za zamani. Miaka miwili baadaye alifariki kwa ajali ya gari.

Ukizisikiliza nyimbo za mwaka 1952 na zile za mwaka 1988 utashawishika kuuliza ipi ni bora. Mimi nasema swali hilo ni dogo. Sauti ya mtu wa miaka 58 haiwezi kuwa ya kijana wa miaka 22, wala haipaswi kuwa. Swali lenye faida ni hili: Mtu huyu ameuona nini ndani ya wimbo wake ambacho kijana yule hakukiona? Ameacha nini? Ameongeza nini? Ametulia wapi ambapo zamani alikimbia? Mtu anayeuliza hivyo amekwisha kuanza uhakiki.

Najua utaniuliza, "Je, ni dhambi kupenda wimbo wa zamani?" La, hata kidogo. Wimbo wa zamani ni sehemu ya maisha ya anayeusikia. Mama aliyechumbiwa wakati wimbo fulani ukivuma ana haki ya kuulilia. Walakini ajue kuwa anaulilia ujana wake, na machozi hayo hayampi mwimbaji sifa wala lawama. Naye asemaye, "Tazama, na uzee ule bado anaweza!" amestaajabia umri. Husemwa vivyo hivyo juu ya mtoto mchanga anayepiga hatua ya kwanza, na hakuna aulizaye mtoto huyo anakwenda wapi. Sifa ya namna hiyo ina dharau iliyojificha, maana humsamehe mzee kabla hajakosa.

Tena heshima haitutaki tuseme uwongo. Ikiwa mkongwe amekosea mpigo, mhakiki aseme amekosea. Ikiwa ameimba kwa uvivu, akitegemea kuwa jina lake litashangiliwa hata akikohoa, na hilo pia lisemwe. Kumhukumu mzee kwa kipimo cha kazi aliyoifanya leo ni kumheshimu zaidi kuliko kumvika taji la jana. Taji la jana huvikwa hata kaburi.

Nakushauri, kijana unayesoma, ujizoeze kwa jambo moja jepesi. Tafuta wimbo ambao mtu mmoja aliurekodi mara mbili, ujanani na uzeeni. Usikilize wa kwanza, kisha wa pili, kisha uandike kurasa mbili bila ya kutumia maneno "bado", "zamani" na "umri". Utaona ugumu wake. Utalazimika kusema juu ya mwendo, juu ya maneno, juu ya kimya kilicho kati ya neno na neno. Ukimaliza utakuwa umeandika juu ya muziki.

Nirudi Mambrui kumaliza deni langu. Asubuhi baada ya harusi nilimkuta mzee barazani kwake. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akanijibu, "Marahaba, mwanangu," kwa upole, kana kwamba sikuwa mimi niliyemkatiza. Nikamwuliza habari za wimbo ule wa pili. Akakaa kitambo, akasema, "Ule nilikuwa nikiwaambia niliyoyaona tangu siku nilipoweka gitaa. Nyinyi mkataka niwaambie niliyoyajua nilipokuwa sijaona kitu."

Nikamwomba radhi, nikamwomba na kunipigia tena. Akacheka, akasema kuwa gitaa limekwisha kurudi Malindi kwa mwenyewe.

Nilipokuja likizo ya pili alikuwa amekwisha kuzikwa. Niliuliza kama kuna aliyeujua wimbo ule, na hakuna aliyeujua. Kijana mmoja alikuwa ameunasa kwa simu yake, akanisikilizisha. Nyuzi zinasikika vizuri, na gumba linakwenda mwendo wake. Mto umejaa, mtu anangoja ng'ambo, na mzee anavuta pumzi kusema ni nani anayengojwa. Hapo inaingia sauti ya mtu inayodai wimbo wa zamani. Sauti hiyo ni yangu, na baada yake wimbo haupo.