Kabati la Jikoni Kuhamia Bafuni

Kabati la jikoni la kununua likiwa tayari huwa na kina cha sentimita 56 hadi 60. Mabafu yetu mengi hayana nafasi hiyo; ukiliweka, mlango hauwezi kufunguka vizuri. Kwa hiyo fundi anayeombwa kuligeuza liwe kabati la sinki analazimika kulipunguza hadi sentimita 45 au 50. Kazi hii ukiisikia kwa maneno ni nyepesi, lakini ndiyo inayonifanya niwaheshimu mafundi.

Fundi mzuri hakati mbele. Huko kiwanda kimeshabandika ukingo na kutoboa matundu ya bawaba, yale mapana ya milimita 35 mlangoni na madogo ubavuni, nayo yakihama hata kidogo milango haitakaa sawa tena. Anang'oa ubao wa nyuma, anapiga mstari, anabandika utepe wa karatasi juu yake, kisha anauchanja kwa kisu kabla msumeno haujagusa kitu. Msumeno wa mkono hukata ukisukumwa, hivyo hubandua ganda la upande wa chini. Ule wa umeme wa duara meno yake hupanda, kwa hiyo huumiza upande wa juu. Ndiyo maana utamwona akiugeuza ubao, uso mzuri juu au chini, kulingana na chombo alichoshika.

Halafu inakuja droo. Chini ya sinki kuna lile bomba lililopinda, linalobaki na maji ya kuzuia harufu ya mfereji, na droo ya juu italigonga tu. Wapo wanaoitupa droo na kupigilia uso wake uwe pambo. Naona huo ni uvivu. Mwenye subira hukata pengo la mraba katikati, kuanzia nyuma, kisha hulizungushia vibao vyembamba ili sabuni na miswaki isidondoke humo. Droo inatoka na kurudi, bomba limetulia katika nafasi yake, na pembeni mwote bado pana mahali pa kuweka vitu. Kipande hicho kidogo kinaweza kula muda mrefu kuliko kabati zima.

Makabati haya mengi ni ya chipibodi, chenga za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Kabati la namna hiyo likiingia maji huvimba, na likivimba halirudi. Kila palipokatwa pamekuwa kidonda wazi: ukingo wa nyuma, tundu la bomba, pengo la droo. Hapo hupigwa msasa, vanishi mikono miwili au zaidi, na silikoni kuzunguka mabomba. Chini huwekwa miguu ya plastiki, ili maji ya kudeki yasifike kwenye ubao. Juu, kama mfuko unaruhusu, ningechagua mninga, kwa kuwa ukishakauka hautanuki wala kusinyaa sana, mradi nao upakwe vanishi pande zote, hata ule wa chini usioonekana.

Siku ya kupokea kabati lako, usiishie kutazama milango. Toa droo, piga magoti, pitisha kidole kwenye kingo za nyuma na kuzunguka mabomba. Ukikuta ni laini na vanishi imefika kila pembe, mlipe fundi chake chote, na usimwombe apunguze.