Kazimoto na Kitanda Tusichokilalia

Kwa zaidi ya miaka hamsini sasa, riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1974, imekuwa jiwe la kunolea visu vya wahakiki wa Kiswahili. Aliyetaka kuthibitisha kwamba anaielewa falsafa ya udhanaishi alianzia kwa Kazimoto. Aliyetaka kuzungumzia ukengeufu wa wasomi naye hakwenda mbali. Mwandishi wa makala haya hajitoi katika kundi hilo. Nimeisomesha riwaya hiyo skuli kwa miaka mingi, nikitoa maswali ambayo majibu yake nilikwisha kuyatia mfukoni.

Mwaka mmoja mwanafunzi wangu aliandika katika karatasi yake ya mtihani kwamba Kazimoto alikuwa anaumwa, na waliomzunguka hawakujua namna ya kukaa naye. Nilipiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni kuwa hiyo ni kazi ya daktari, si ya mhakiki. Makala haya ni masahihisho ya mstari ule.

Tuitazame upya riwaya yenyewe. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerejea kwao likizoni. Yanayomkuta ni mazito: misiba ya nyumbani, sahibu yake Manase aliyemharibia ndugu yake wa kike, ndoa yake na Sabina ambaye ni ndugu wa Manase huyo huyo, na hatimaye mtoto anayezaliwa na kichwa kikubwa kisha akafariki. Riwaya inamalizika kwa Kazimoto kujiua. Sisi wahakiki tulipofika hapo tulipata tulichokuwa tukikitafuta. Tukasema: huu ndio ubatili wa maisha. Kifo cha mtu tukakifanya ushahidi wa nadharia.

Ilhali Kazimoto ana watu wengi wa kubishana nao, juu ya Mungu, juu ya elimu, juu ya maana ya kuishi, na katika mabishano hayo yeye ni hodari. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye pasi na kushindana. Hata jina la kitabu linatutahadharisha: kichwamaji ni maradhi ya mtoto yule, na papo hapo ni jina la dharau tunalompa mtu tunayemwona akili yake haijatulia. Mwandishi ameyafunga maradhi na dharau katika neno moja. Sisi tulipolifungua tukatoa falsafa peke yake. Fauka ya hayo, tusisahau kwamba miaka mitatu kabla, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, mhusika mkuu naye alijitoa roho. Riwaya mbili za mwanzo za mwandishi mmoja zinamalizia kaburini kwa njia ile ile. Kezilahabi hakuitukuza njia hiyo. Alituonyesha nyumba zilizojaa watu wenye hukumu, na mtu mmoja katikati yao asiye na pa kutulia.

Mimi nililiona hili maradhi yalipobisha hodi nyumbani kwetu, kwa ndugu yangu wa tumbo moja. Hapa Unguja jina la hospitali ya maradhi ya akili, Kidongo Chekundu, watoto hulitumia kama tusi, kama vile bara linavyotumiwa jina la Mirembe ya Dodoma. Basi tulifanya kama wafanyavyo wengi: tulimficha. Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kilio humfichua, lakini aibu haina masikio. Dawa zilimsaidia, na daktari alifanya kazi yake. Hata hivyo, ndugu yangu hakufungua kinywa mpaka alipokuja kukaa barazani kwetu mtu aliyewahi kuumwa maradhi hayo hayo. Mtu huyo hakuhubiri wala hakukemea. Aliuliza, 'Jana ulilala?' Kisha akasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kuzitupa dawa zake, na yaliyomfika baadaye. Siku ile nilielewa kwa nini wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wala hii si bahati ya nyumba moja. Mjini Harare, mwaka 2005, daktari wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, alifiwa na mgonjwa kijana aliyejiua baada ya kukosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Mwaka uliofuata, katika mtaa wa Mbare, mabibi 14 walifundishwa kusikiliza, wakawekewa mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mabibi hao hawakuyaita maradhi kwa jina la kitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za mji huo kwa wagonjwa 573: waliokaa benchini walipata nafuu kubwa zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Baada ya benchi, wanaopona hujiunga na vikundi viitwavyo Kubatana Tose, kushikana mikono sote, wakafuma mikoba huku wakizungumza. Anayeijua hali ya wanawake wetu wanaosuka ukili pamoja hahitaji tafsiri. Benchi hilo limekwisha kufika Zanzibar pia.

Kaskazini yetu, nchini Kenya, waliopitia maradhi haya waliunda chama chao wenyewe mwaka 2007, Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, chenye vikundi vya kusaidiana. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kifungu cha sheria kinachomfanya mhalifu aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume na katiba. Mtu wa namna ya Kazimoto, lau angeokolewa, chini ya sheria kama ile angetoka kitandani akaingia kizimbani.

Hapa sharti niwakosoe na watetezi, kwa kuwa mhakiki hapaswi kusifu tu. Matendo yao ni hai, lugha yao aghalabu ni maiti. Vijitabu vyao vimejaa maneno yaliyohamishwa kutoka lugha za kigeni bila ya kuvuliwa viatu. Wanasema 'msaada wa rika', ilhali rika ni umri; mzee wa miaka sitini na kijana wa ishirini waliopitia giza moja si marika, ni wenza wa dhiki. Mwambao una neno somo, yule msiri ambaye mtu humweleza asiyoweza kuyasema mbele ya wazazi. Neno hilo limekaa bure. Vivyo hivyo, sonona limetokana na kusononeka na ni neno zuri, lakini mama wa shamba anaposema mwanawe 'ana mawazo' amekwisha kuutaja ugonjwa, na yuko karibu na bibi wa Harare kuliko alivyo karibu na kijitabu.

Tuna, kwa hivyo, fasihi yenye lugha isiyo na msikilizaji, na harakati zenye wasikilizaji wasio na lugha. Kila upande una deni kwa mwenziwe. Watetezi na wakae na watunzi, wajifunze kuyasema maumivu kwa Kiswahili cha barazani. Watunzi nao wamlete katika riwaya zao yule mtu wa 'Jana ulilala?', ambaye katika maisha yetu yupo, lakini vitabuni ni adimu. Mwendawazimu wa kupiga kelele sokoni na mwendawazimu wa kusema kweli mbele ya mtawala tumewaona vya kutosha. Bado hatujamwona anayerudi nyumbani, akanywa chai, akaenda kumtazama mwenziwe.

Ama sisi wahakiki, udhanaishi tusiutupe, umetufunza mengi. Lakini tuusome mbele ya mtu anayeumwa, si juu ya kaburi lake. Karatasi ya mwanafunzi yule sinayo tena, wala mstari mwekundu siwezi kuufuta. Ninaloweza ni kuandika hapa alama niliyomnyima: hoja yake ilikuwa sahihi, na ilikuwa hoja ya kifasihi.