Kinachobeba Chungu Motoni

Chungu husifiwa kwa umbo na nakshi. Kilichokibeba motoni hakitajwi, ilhali mfinyanzi hodari hukichagua kwa umakini uleule.

Upare Kusini ufinyanzi ni wa kale. Mwaka 1967 mwanaakiolojia Robert Soper alieleza vyungu vya aina ya Kwale vilivyopatikana Bombo Kaburi, kazi ya karne za mwanzo baada ya Kristo. Wanawake wa Upare wamefinyanga na kuchoma peupe, bila tanuri. Katika moto wa namna hiyo vyungu hukalia kuni, mawe na vigae. Kigae nakistahi mno: kimeshapita motoni, hakina tena unyevu wa kukipasua. Jiwe la mtoni lililonyonya maji huweza kulipuka na kuvunja kazi ya wiki nzima.

Tanuri la magadi nalo lina ukali wake. Wafinyanzi wa Marekani walianza kuchoma kwa magadi miaka ya 1970, wakitafuta mbadala wa chumvi, ambayo mvuke wake hutoa tindikali. Magadi yenye sodiamu, kama yale ya Ziwa Natron tunayotia kwenye maharage, hutupwa tanurini joto likikaribia nyuzi 1,250. Sodiamu inageuka mvuke, inashikana na silika ya udongo, na chungu kinavaa kioo. Lakini mvuke haubagui. Rafu inayobeba chungu nayo, ikiwa na silika nyingi, huvaa kioo, ikang'ang'ania chungu.

Ndiyo maana uchaguzi wa rafu unataka subira. Rafu ya kodieriti huvumilia kupashwa na kupoa, ila magadi huila. Rafu ya alumina nyingi hustahimili mvuke vizuri zaidi, lakini ni nzito, na ikipashwa haraka hupasuka. Rafu ya silikoni kabaidi iliyoungwa kwa nitridi ni nyembamba na haipindi upesi. Bei yake ndiyo kikwazo. Ningekuwa na fedha ningeanza na rafu hizo, hata kama ni chache, niziweke pale moto unapopiga zaidi.

Hata rafu bora hupakwa alumina na kaolini, udongo mweupe kama ule wa vilima vya Pugu. Kisha kila chungu huinuliwa juu ya vidonge vitatu vya mchanganyiko huohuo. Tanuri likipoa, vidonge hung'olewa kwa kidole, matone ya kioo hukwanguliwa, na rafu hupakwa upya kabla ya moto mwingine.