Bana Hapo Hapo

"Shikamoo, mzee wangu. Una simu mfukoni? Mkufu?" Mama wa eksirei, kwenye kituo kimoja huku Tegeta, hakuigusa mashine kwanza. Alimsogeza mjomba wangu mpaka kifua kikagusa ubao, akamwinua kidevu, akamshikisha kiuno kisha akamsukumia viwiko mbele, ili makombe ya mabega yasikae juu ya mapafu. Akamfanyisha zoezi: vuta pumzi, zaidi, bana hapo hapo. Mjomba akakohoa. Akamsubiri, wakarudia. Ndipo akafunga mlango. Picha ikapigwa moja, mjomba akavaa shati.

Mikono ile ilifundwa enzi za filamu na chumba cha giza. Filamu haikumficha mtu: ukizidisha mionzi inatoka nyeusi tii, ukipunguza inapauka, na iliyoharibika inalala kwenye pipa mpaka mkuu wa kitengo aione. Tena filamu zilikuwa adimu. Kuharibu moja ilikuwa aibu.

Sitamani giza lile lirudi. Picha ya kidijitali daktari anaiona papo hapo, nayo haififii kabatini. Ila kompyuta inasamehe mno. Mionzi ikizidi, picha bado inatoka safi, pengine safi kuliko inavyopaswa. Kinachosema kweli ni namba ndogo pembeni ya skrini, nani anaitazama? Mgonjwa akipinda, bonyeza, futa, piga tena. Picha ya kifua ni takriban milisiverti 0.02 za mionzi, kidogo sana. Ya uti wa mgongo kiunoni huweza kufika 1.5, sawa na vifua 75, nayo pia hurudiwa kwa wepesi uleule.

Tume ya Nguvu za Atomu, kwa sheria ya mwaka 2003, inakagua mashine na kutoa leseni. Subira ya mpiga picha itakaguliwa na nani?

Mtoto wa jirani yangu alianguka na bodaboda pale Kibaoni. Hospitali moja mjini ikampiga picha ya nyonga mara tatu: kwanza hakuna aliyemwambia atulie, kisha kifungo cha suruali kikaziba mfupa, ya tatu ndiyo ikakubali. Kijana wa zamu hakutoka nyuma ya kioo hata kumshika mguu. Kwenye jalada ipo picha moja tu, na mama yake hajaambiwa mpaka leo kwa nini mwanawe aligeuzwageuzwa na nyonga inamuuma vile.