Ng'ombe Hazeeki Maini

Methali hii hutumiwa mara nyingi kwa utani, hasa mzee anapovaa kanzu mpya na kujipaka manukato. Lakini maana yake ni nzito kuliko utani huo, nami sijaona mtu aliyeidhihirisha vizuri kumshinda Fatuma binti Baraka, yule tuliyemzoea kwa jina la Bi Kidude, mwimbaji wa Unguja aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013.

Ninachokilalamikia ni jinsi tulivyomsifu. Waandishi walipenda kuanza na umri wake, ingawa mwaka aliozaliwa haukujulikana kwa hakika. Hata filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006 ilibeba umri katika jina lake: As Old as My Tongue. Ukumbini vigelegele vilianza kabla hajafungua kinywa. Watu walishangilia kwamba ajuza bado yu hai. Ndugu msomaji, hiyo ni sawa na kumpa mwanafunzi alama mia kwa sababu amefika darasani.

Tumpime kwa kazi yake. Chukua wimbo wa "Kijiti", ambao kabla yake uliimbwa na Siti binti Saad, gwiji aliyerekodi santuri huko Bombay mwaka 1928 na kufariki mwaka 1950. Ni kisa cha mwanamke aliyeuawa na haki iliyopotea njiani. Bi Kidude aliuimba kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, iliyokaribia kilio cha msibani. Sauti ya kijana huupamba wimbo kama huo. Sauti yake iliutolea ushahidi. Hapo miaka ilikuwa chombo cha kazi.

Kisha itazame ngoma. Aliipiga akiwa amesimama, kaifunga kiunoni kwa kanga, miguu ikishika mdundo. Shirika la Afya Duniani hutushauri sisi wenye miaka 65 na zaidi tuushughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kutuzuia kuanguka. Bibi huyu aliyapata hayo kazini, bila kuyaita mazoezi. Ila sigara zake tusizifanye somo. Kwamba yeye aliishi nazo miaka mingi hakuwafufui waliouawa nazo mapema.

Siri yake naiona mahali pengine. Bi Kidude alikuwa kungwi wa unyago, tena mjuzi wa hina na miti shamba. Wasichana walihitaji alichokijua, na kadiri umri ulivyoongezeka ndivyo walivyozidi kumhitaji. Linganisha na mwalimu wa chuo: anafikisha miaka sitini, anapewa saa ya ukutani na hotuba mbili, na Jumatatu inayofuata hakuna anayemuuliza hata njia ya maktaba. Nimewaona wenzangu wakinyauka kwa kukosa swali la kujibu, wakati miguu yao ingali na nguvu. Wengine walianzisha bustani ya miche au wakafundisha watoto wa jirani hesabu barazani, nao wamechangamka hadi leo. Mwili hufuata pale moyo unapoitwa.

Hata hivyo, mhakiki asifunge macho. Katika miaka ya mwisho yalikuwapo maonyesho ambayo sauti yake ilichoka na pumzi ikakatika katikati ya ubeti, na makofi yakawa yaleyale ya siku alizoimba vizuri. Wengine wataita hiyo heshima. Mimi naona kasoro ndani yake, maana anayeshangiliwa kwa lolote hasikilizwi tena. Kumnyima mzee ukweli juu ya kazi yake ni kumzika mapema, ingawa kwa sanda nzuri.

Basi nawaombeni wanangu, wajukuu zangu na nyinyi mliopita mikononi mwangu chuoni: mkishika kitabu hiki, msinipongeze kwa kuwa kimeandikwa na mzee wa miaka sabini na sita. Kisomeni kwa kalamu nyekundu mkononi. Sentensi ikichechemea, ipigieni mstari, mje barazani tubishane. Chai itakuwapo, na maini yangu, nashukuru, bado hayajazeeka.