Kujifunza Sheda kwa Kitabu Kisichokwisha

The Book of Shaders, kitabu kilichoanzishwa na Patricio Gonzalez Vivo na Jen Lowe mwaka 2015, husomwa ndani ya kivinjari cha intaneti, na mifano yake ni hai: msomaji akibadili namba moja, picha iliyo kando hubadilika papo hapo. Wengi hukisifu kwa sababu hiyo. Mimi nakisifu kwa sababu nyingine, na hiyo yao hunitia shaka.

Sheda ni programu fupi ambayo kadi ya picha huiendesha kwa kila nukta ya kioo peke yake. Kioo cha nukta 1920 kwa 1080 kina nukta zaidi ya milioni mbili, na kila moja hutafuta rangi yake bila kujua jirani amepata rangi gani. Kwa hiyo hakuna amri ya kuchora duara. Nukta hupima tu umbali wake kutoka katikati, kisha huamua kama imo au haimo. Aliyezoea kalamu huona dunia imepinduliwa.

Hapo ndipo waandishi hawa walipofanya kazi ya ualimu hasa. Kabla ya duara wanamkalisha msomaji sura nzima akipinda mistari kwa hesabu, na wao wenyewe wanaifananisha, kwa mzaha, na somo la kupaka rangi uzio katika filamu ya The Karate Kid. Mzaha huo una haki yake. Chukua fomula ya 3x² − 2x³, inayolainisha kingo: ukiipa 0.5 hurudisha 0.5, lakini ukiipa 0.25 hurudisha kama 0.16 tu. Aliyeikokotoa kwa mkono anajua kwa nini rangi huanza kuingia polepole. Aliyechezea namba mpaka zikapendeza hajui, na kesho akitaka ukingo wa namna nyingine atabahatisha upya. Wepesi ule unaosifiwa ndio unaomruhusu kubahatisha hivyo, sura baada ya sura, asikamatwe.

Sura ya noizi, ile mbinu ya Ken Perlin iliyompatia tuzo ya ufundi ya Academy mwaka 1997, ndiyo tamu kuliko zote. Baada yake kidogo njia inakatika: mwanga na miakisiko vimo katika orodha ya yaliyomo kama majina matupu. Anayetaka kuchora chungu kinachong'aa ubavuni hana budi kwenda Shadertoy, uwanja ulioanzishwa mwaka 2013 na Inigo Quilez na Pol Jeremias, akasome kazi za mabingwa zilizowekwa wazi, mara nyingi bila wa kumweleza.